Nusu Inchi ya Mkono wa Kushoto

Usiku wa jana niliota Kanuni ya Tisa ya mkataba wangu wa kazi imekuja kunitembelea. Ilibisha hodi, ikavua viatu mlangoni, ikakaa kwenye kochi bila kukaribishwa.

"Mwajiriwa hatafanya kazi inayoshindana na mwajiri wake," ilisema.

"Naifahamu," nilijibu. "Chai?"

"Nikiwa kazini sinywi."

Ni lazima nieleze jambo ambalo Kanuni ililijua tayari. Mimi ni mkataji wa vitambaa katika kiwanda kidogo cha sare za shule. Mwenye kiwanda ni Mama Ndekirwa. Mwenzangu Heriel hushona mikono ya kushoto ya mashati kwenye cherehani namba nne. Cherehani hiyo hula kitambaa, nusu inchi kwa kila mkono, na hakuna fundi aliyeweza kuiponya. Kwa hiyo mimi hukata kila mkono wa kushoto kwa nusu inchi ya ziada. Shati likitoka, mikono iko sawa.

Mwaka huu nilianza kushona nyumbani mashati ya shule ileile tunayoihudumia, nikayauza kwa bei ya chini. Nilikata kwa mazoea, nusu inchi ikiwemo. Cherehani yangu haili kitambaa.

Juzi mwalimu mkuu alirudisha kiwandani mashati arobaini, yote yana mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia. Mama Ndekirwa aliyapima, akaona hayakupita namba nne, akahitimisha kwamba Heriel anabeba vipande vyetu na kuvishona kwake. Alisema atamwachisha kazi leo asubuhi. Alipotamka hivyo nilikuwa nikinoa mkasi. Niliendelea kunoa.

"Twende," Kanuni ikasema. "Mashindano yanaanza."

Kochi likawa ukingo wa uwanja wa shule. Mama Ndekirwa yuko kwenye mstari wa kuanzia, amevaa viatu vya ofisini. Pembeni yake iko cherehani yangu ya nyumbani, inanyoosha miguu yake minne.

"Bosi," inaniita, "nikimbie kwa nguvu zote, au nimwachie?"

"Bosi unamwita nani?" anauliza Mama Ndekirwa.

"Usiniite hivyo mbele za watu," naiambia kwa sauti ya chini.

"Mbona nyumbani hunikatazi?"

Mama Ndekirwa ananitazama. Najifanya natafuta kitu kwenye nyasi.

Watazamaji ni mashati arobaini. Kabla filimbi haijapulizwa, yote yananyoosha mkono wa kushoto, kama wanafunzi wenye swali. Futi ya kupimia inapita kati yao, ikijiviringisha na kujikunjua.

"Nusu inchi," inasema. "Nusu inchi. Nusu inchi. Aitwe shahidi."

Namba nne inakuja ikitafuna.

"Umeyala haya?" inauliza futi.

"Nikila huwa nasema. Haya sijayaonja."

"Basi aliyeyashona hakukutumia wewe. Na aliyeyakata?"

Namba nne inameza. "Huyo ni mtu anayenijua vizuri sana. Aliniwekea chakula, kisha hakunialika."

"Heriel," anasema Mama Ndekirwa. "Nani mwingine?"

Mashati yote yananigeukia. Mama Ndekirwa hayaangalii.

Uwanja ukajikunja mara mbili, ukawa meza yangu ya kukatia. Heriel amelazwa juu yake, mwembamba kama kitambaa. Amezungushiwa mstari wa chaki. Mama Ndekirwa ananikabidhi mkasi.

"Heriel anaondolewa kiwandani," anasema. "Wewe ndiye mkataji. Mwondoe."

"Habari za asubuhi, Dada Nakijwa," anasema Heriel kwa adabu. "Ukifika begani, zungusha taratibu. Hapo ndipo wengi huharibu."

"Heriel, huogopi?"

"Naogopa sana. Lakini wewe hukosei. Miaka sita sijakurudishia kipande hata kimoja."

"Kata," anasema Mama Ndekirwa. "Saa mbili na nusu nina mgeni."

"Mama, labda tupime tena."

"Tumepima arobaini."

"Labda si yeye."

"Kama si yeye, ni nani?"

Kanuni ya Tisa inakohoa. Imesimama kichwani pa meza, miguu mitupu.

"Mimi sina ubaya na mtu," inasema. "Nahitaji jina moja tu. Jina lolote linanitosha."

Nafungua mkasi. Unafunguka kwa urahisi, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Ncha inagusa chaki karibu na bega. Heriel anafumba macho.

"Mke wangu ameniuliza jana kama kuna tatizo kazini," anasema. "Nimemwambia Dada Nakijwa yupo, atasema neno."

Mkono wangu unasimama. Nauinua mkasi hadi mdomoni, kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kusemea. Unaita kwa mbali, mara moja, mara mbili, kisha mtu anapokea.

"Mama," nasema ndani ya mkasi, "mashati ni yangu. Nimeyakata nyumbani, nimeyashona nyumbani. Heriel hajui lolote."

Bega la Heriel linajaa kidogo.

Nataja mahali niliponunua kitambaa. Kifua chake kinainuka. Nataja mzazi wa kwanza aliyeniagiza, na jinsi nilivyomwambia asitaje jina langu. Heriel anajikunja, anaketi, anajikung'uta chaki. Nahofia kwamba nikinyamaza atarudi kuwa kitambaa, kwa hiyo nataja na bei, ya shati moja na ya dazeni.

Niliamka nikiwa bado nasema. Kulikuwa kumepambazuka. Simu ilikuwa sikioni mwangu, imepata moto. Niliitazama. Kwenye kioo chake muda ulikuwa ukisonga: dakika nne na sekunde kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu.

Niliirudisha sikioni. Upande wa pili kijiko kilikuwa kikizunguka kikombeni, polepole.

"Nakusikia, Nakijwa," alisema Mama Ndekirwa. "Umefika kwenye bei ya dazeni. Endelea."