Clio ya Buluu ya Mouhoub

Katika maisha yake Taous alikuwa amenunua magari matano, yote madogo, yote yenye mbio, na kila mara kaka yake Meziane alikuwa pembeni. Meziane alikuwa fundi mjini Tizi Ouzou. Alikuwa akiinamia boneti na kutega sikio, Taous akikanyaga mafuta, kisha wanalipandisha mlimani, Meziane kiti cha pembeni, wakibishana mpaka wanakosana, na jioni gari linanunuliwa. Januari Meziane alifariki. Aprili lori liligonga gari la Taous likiwa limeegeshwa, bima ikalipa, naye akiwa na miaka hamsini na sita akajikuta anachagua gari peke yake kwa mara ya kwanza.

Alifanya kazi maabara ya hospitali na alizoea vipimo. Akabandika kwenye friji karatasi yenye majina ya magari matatu: Golf, Leon, Clio. Kila jioni aliandika kitu kipya chini ya jina mojawapo. Akaipiga picha, akamtumia binti yake Sylia, aliyekuwa anaishi ng'ambo, Lyon.

“Mama, nunua gari la kawaida tu, jamani,” Sylia alisema kwenye simu. “Unaenda kazini na sokoni. Mbio za nini?”

“Za kupanda mlima.”

“Mlima gani? Huko juu kuna nani siku hizi?”

Taous akasema maji yanachemka jikoni, akakata simu.

Jumamosi akaenda Tidjelabine, kwenye soko la magari. Kijana mwenye Golf ya kijivu alitazama nyuma yake kama anayemtafuta mtu.

“Hajja, mzee yuko wapi?”

“Nimekuja mwenyewe.”

“Basi mlete mwanao alitazame. Hili lina nguvu, si la mchezo.”

“Fungua boneti, mwanangu. Hizo nguvu nitaziangalia mimi.”

Wauzaji wa jirani wakacheka, kijana akafungua. Golf ilikuwa gari safi. Ilichanganya bila kelele, ilikaa barabarani vizuri, na Taous alishuka bila cha kulalamikia wala cha kukumbuka. Leon nyekundu ilikuwa ngumu zaidi mgongoni, lakini ilipoingia kona pua yake ilifuata mkono wake papo hapo. Taous akakigeukia kiti cha pembeni kwa furaha, akafungua mdomo kama kwamba Meziane yuko. Pale alikuwa mwenye gari, anaandika ujumbe kwenye simu yake. Akafunga mdomo, akaendesha kurudi sokoni.

Clio aliipata kwenye tangazo. Ilikuwa juu mlimani, mji wa Larbaâ Nath Irathen, na mwenyewe alikuwa mpima ardhi mstaafu aitwaye Mouhoub, mwembamba, shati limepigwa pasi. Taous alipanda huko kwa gari la kuazima la mwenzake wa kazini. Clio ilikuwa ya buluu, milango mitatu, inang'aa. Mouhoub akakaa kiti cha pembeni, wakashika barabara ya Aïn El Hammam.

“Usiguse breki hapo. Shusha gia, liache lijizuie lenyewe.”

“Najua.”

“Unajua, lakini umechelewa.”

“Nimechelewa? Mzee, hebu tulia uone kona ijayo.”

“Naona. Umeingia mapema mno!”

Tangu Januari hakuna aliyemsema hivyo. Waliporudi, Mouhoub alitengeneza kahawa, akaleta tini kavu na mafuta ya zeituni, akauliza habari za Leon ambayo Taous alimtajia: usukani wake mzito au mwepesi? Gia ya tatu inavutaje? Ni milango mingapi? Mitano? Ya nini, una watoto wa kubeba? Saa mbili zikapita.

Taous alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Mara ya tatu akasema atalichukua kwa bei ileile aliyoitaja Mouhoub.

“Ah, dada, kuna mtu wa Bouira amenipa zaidi.”

Taous akaongeza bei. Mouhoub akasema karatasi hazijawa tayari. Taous akaahidi kusubiri. Mouhoub akasema sukari imekwisha, akaingia ndani.

Nje getini, jirani aitwaye Djouher alikuwa anaanika nguo. Akamwita Taous kwa sauti ya chini.

“Dada yangu, usijisumbue. Haliuzwi lile. Tangu mkewe afariki tangazo halijaondolewa. Watu wanakuja, wanazungushwa, wanakunywa kahawa, wanaondoka. Wewe sijui ni wa thelathini.”

Taous akaingia ndani bila kubisha hodi. Mouhoub alikuwa amesimama jikoni, bakuli la sukari mkononi, limejaa.

“Mzee Mouhoub. Unauza au huuzi?”

Aliliweka bakuli mezani polepole.

“Nikiliuza, nani atanipigia simu?”

“Ungesema tu!”

“Ningesema nini? Njooni mnywe kahawa? Ungekuja wewe?”

Taous alichukua mkoba wake, akateremka mlima kwa hasira, gari la watu likilia kwenye kila kona.

Hasira ilimwisha nyumbani, mbele ya friji. Karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili. Alipoisoma toka juu akaona kwamba alijua ni Leon tangu siku ile ya Tidjelabine. Hata hivyo, kwa miezi miwili alikuwa amempigia mwenye Leon mara sita kuuliza mambo aliyokwisha kuambiwa, na amewapigia wauzaji wengine tisa ambao magari yao hakuyataka kabisa. Jioni zote hizo kulikuwa na mtu wa kumwuliza, “Haya, umeamuaje?” Akaitoa karatasi, akaikunja, akaitupa.

Jumamosi akanunua Leon. Ijumaa iliyofuata, watu wakiwa bado mezani kwa chakula cha mchana, akapanda nayo mlima. Ilipanda vizuri kuliko alivyotarajia. Alipofika Larbaâ Nath Irathen akapunguza mwendo. Uani kwa Mouhoub, Clio ilikuwa imefunguliwa boneti, na kijana mmoja ameinama anatazama. Mouhoub alikuwa anaeleza jambo kwa mikono yote miwili, anacheka. Taous aligusa honi kwa kidole, lakini hakuibonyeza. Akapita.

Akaenda mpaka juu kabisa, Tirourda, akazima injini. Alimtumia Sylia picha. Sylia akarudisha moyo mwekundu. Upepo ulikuwa unasukuma mlango. Baada ya muda akashuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa abiria na kuketi pale, kiti ambacho hakuwahi kukijaribu. Kilikuwa kizuri, kinabana kidogo kiunoni.

“Kinabana,” akasema kwa sauti, kama ambavyo Meziane angesema.

Akakaa humo mpaka injini ikapoa, kisha akarudi upande wa usukani na kuteremka kwenda nyumbani.