Mandolini Getini

Foleni ya kupekuliwa ilikuwa imemfikia Sia. Israël, mlinzi wa jioni, Mkongo, alitia mkono ndani ya mkoba wake wa chakula, akapapasa bakuli tupu, akamrudishia. Kisha akaligonga begi jeusi lililokuwa mgongoni mwa Sia.

"Na hii?"

"Mandolini, kaka. Chombo cha muziki. Niliingia nayo asubuhi, mwenzako akaniruhusu."

"Asubuhi mi sikuwa. Fungua."

Sia alifungua zipu. Wanawake wa idara ya kushona walijisogeza kuchungulia. Kiwanda chao hapo Jacobs, mtaa wa viwanda, kilitengeneza magodoro, na hawakuwahi kuona mbao inayong'aa namna ile ikipita getini.

"Ni yako?"

Neno "ndiyo" lilimfika Sia ulimini. Lingemtoa nje mara moja. Ee Mungu, nishike, aliomba kimoyomoyo.

"Si yangu. Ni ya okestra. Wameniazima."

Nyuma yake Antoinette, mshonaji mwenzake, Mkongo pia, alijishika kichwa. "Yesu! Dada Sia, tunaokoka bote, lakini si mpaka hapo!"

"Kitu si yako, haitoke," Israël alisema. "Supavaiza aje aseme kwa mdomo wake."

"Ameshaondoka. Leo Ijumaa."

"Basi Jumatatu."

Onyesho lilikuwa jioni hiyo hiyo, katika ukumbi wa kanisa kule Berea. Bibi Clara, kiongozi wa okestra, hakuwa na mzaha: wakishaanza kulinganisha nyuzi, mlango hufungwa. Na anayekosa onyesho hurudisha mandolini, akapewa mwingine anayesubiri. Sia alikuwa ameifanyia mazoezi karibu mwaka mzima katika chumba chake cha kupanga kule Bluff, taulo amelisokomeza chini ya mlango ili mwenye nyumba asisikie.

"Papa Israël," Antoinette alidakia, "tangu lini tunashona magitaa humu ndani?"

Foleni ikaangua kicheko. Israël hakucheka.

"Mama, mwezi uliopita mlinzi mwenzetu alifukuzwa juu ya mkasi moja tu iliyopita hapa. Mi niko na watoto. Batu ba ofisi hawajui hata jina yangu, banajua makosa tu." Akamgeukia Sia. "Bon. Kama unaipigaka kweli, piga tusikie."

Sia aliketi juu ya paleti ya mbao, vidole vikimwasha kwa kazi ya sindano. Alipiga mapigo mawili, akanyamaza. Mawili tena, akanyamaza. Akatetemesha noti moja kwa muda mrefu, kisha akatulia, midomo ikihesabu.

"Wimbo iko wapi?" Israël aliuliza.

"Wimbo wanao wa mandolini ya kwanza. Mimi niko ya pili, kazi yangu kuwajazia."

"Dada, hii si muziki. Ni mtu anabisha mlango."

"Eish, twendeni jamani, taxi zinajaa!" sauti ililalamika nyuma.

Antoinette alimwinamia. "Iache, dada. Kimbia, utawaelezea."

"Ikipotea, nani atajibu?" Sia alimtazama mlinzi. "Umesema haitoki?"

"Haitoke."

"Basi na mimi sitoki."

Aliisogeza paleti pembeni ili wengine wapite. Walipita mmoja mmoja, macho chini. Antoinette alimbana bega, akakimbilia taxi. Uani pakabaki malori tu na harufu ya gundi.

"Dada, tafadhali. Napaswa kufunga, niwashe alarm. Mtu akiwa ndani, siwezi."

Sia aliketi tena juu ya paleti. Simu yake ilinguruma mfukoni, ikanyamaza, ikanguruma tena. Alijua ukumbini wameshakaa. Akaweka vidole kwenye nyuzi, akaanza sehemu yake tangu mwanzo: mapigo mawili, kimya, mawili, kimya, akiwaachia wenzake wa Berea nafasi zao zote.

Israël aliinua redio, akamwita mkubwa wake, Mkongo mwenzake.

"Chef, iko mama moja ndani, anakataa kutoka."

"Ameiba nini?" redio ilikwaruza.

Israël aliitazama mandolini, kisha akamtazama Sia.

"Hajaiba kitu, chef."

"Sasa kwa nini hajatoka?"

Mlinzi alibaki na kidole kwenye kitufe, asikibonyeze. Sia alikuwa amefika kwenye kimya kirefu kuliko vyote, macho ameyafumba, midomo ikihesabu. Kisha akapiga.