Rangi ya Gari

"Damu ya O hasi ilibaki chupa moja tu, na nimeshaichukua," muuguzi wa wodi ya wazazi alisema, akihema mlangoni mwa benki ya damu. "Kuna mzazi kajifungua mapacha, damu haikatiki. Daktari anataka chupa mbili zaidi, upesi. Tafuta wachangiaji, Mama Vitufe!"

Mama Vitufe ndilo jina ambalo hospitali nzima ilimpa mtunza kumbukumbu. Aligeukia kompyuta mpya iliyowekwa asubuhi ile. Kioo chake kilikuwa cheupe pe, kina kisanduku kimoja tu cha kutafutia. Akaandika, yakaja majina matatu. Wa kwanza simu haipatikani. Wa pili kasafiri, arudi kesho kutwa. Wa tatu, mshona viatu, hapokei. Akampigia tena. Wapi!

"Ndio hao tu?" muuguzi aliuliza.

"Huyu mshona viatu hajapata kupokea simu tangu nimjue, lakini kila mwaka tunampata. Sasa huwa tunampata vipi, jamani?" Alijipiga paji la uso. "Rangi ya gari!"

Muuguzi akamtazama kama mtu aliyepandwa na homa.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka kumi na minane nyuma, hospitali ikiwa na daftari moja lililotafunwa na panya, kaka yake Mama Vitufe alimletea programu aliyokuwa ameitengenezea gereji. Akabadilisha jina la juu, basi. Mvivu yule, Mungu amrehemu! Wachangiaji wakageuka magari. Kundi la damu likaandikwa penye "Aina ya mafuta", na siku ya mwisho ya kutoa damu penye "Sevisi". Vitufe sitini na kitu vilibanana kwenye kioo kimoja, vya kijani, vya njano, na kimoja cha honi ambacho ukikigusa kinapiga honi kwelikweli, wagonjwa wanaruka. Wageni walikizomea kioo kile. Yeye alikipenda, na hakuona haya kusema. Penye "Rangi ya gari" aliandika yote yasiyokuwa na pa kukaa: nani anaogopa sindano, nani apigiwe kupitia kwa jirani.

Mama Vitufe alitoka mbio hadi chumba cha nyuma, muuguzi akimfuata. Fundi wa kompyuta alikuwa amechuchumaa anakunja nyaya.

"Mashine yangu iko wapi?"

"Hiyo hapo, mama. Nimeshaiambia ijizime. Ikizimika tu naifuta, jioni inaenda kwenye chakavu."

"Rangi ya gari uliihamisha?"

"Mama, damu na rangi ya gari wapi na wapi? Niliiacha." Alicheka, akaona anacheka peke yake.

Mashine ilikuwa bado inanguruma. Katikati ya kioo kilisimama kisanduku cha kijivu: *Dada, umesahau kitu?* Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

"Hicho ndicho kinanikwamisha," fundi alisema. "Haifungi mpaka ijibiwe. Nilikuwa naenda kuchomoa waya."

"Thubutu uuguse!"

Kila siku alipofunga kazi, kwa miaka yote hiyo, Mama Vitufe alisonya akabonyeza Hapana. Ndiyo hakuwahi kuijaribu hata siku moja. Kaka yake, aliyeliweka swali lile, alikuwa mtu wa mizaha. Huenda Ndiyo ingefuta kila kitu. Muuguzi nyuma yake alikuwa anatazama saa.

Akabonyeza.

Honi ikalia, wote watatu wakaruka. Kisha programu ikarudi, na vitufe vyake vyote. Vidole vilikwenda vyenyewe: kitufe cha njano, kile kidogo cha kona, mshona viatu. Rangi ya gari: *Simu kwake pambo. Mpigie muuza maua wa lango la soko, amwite. Dada yake pia O hasi, hajaandikishwa.*

Muuza maua alipokea kwa mlio wa kwanza.

Nusu saa haikupita, mshona viatu akaingia na dada yake, gundi ingali vidoleni. Wakapimwa, wakalazwa, chupa zikajaa. Muuguzi akaondoka nazo mbio. Mama Vitufe akakaa, akasimama, akakaa tena. Chai yake ikapoa. Fundi naye hakuenda popote, wala hakukunja waya hata mmoja.

Muuguzi aliporudi, alijitupa kwenye kiti. "Damu imekata. Kafumbua macho, kaulizia wanawe."

Mama Vitufe alilia bila kujificha. Alimlilia mzazi yule, akamlilia na kaka yake. "Alikuwa ananiuliza kila siku," alisema, "na mimi namsonya."

Fundi alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta mpya. Akaandika kwa muda, kisha akageuka, macho chini.

"Nimeongeza kisanduku kwa kila mchangiaji, mama. Soma kutoka kwenye ile ya zamani, mimi niandike, hata tukimaliza wiki. Sasa hiki kisanduku tukiiteje?"

"Na wewe nawe! Unauliza?"

Fundi akaandika: *Rangi ya gari*.