Viatu vya Miguu Isiyolingana

"Imeshuka tena," shemeji alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Jana waliingia kwenye tovuti watu wanne. Leo mmoja, na huyo mmoja ni mimi."

Fundi viatu aliendelea kukwangua gundi iliyokauka mezani.

Kwa miaka tisa alikuwa akitengeneza viatu vya watu wenye mguu mmoja mfupi: soli nyembamba huku, soli nene ya vidole vitatu kule. Shemeji, mke wa mdogo wake, ndiye aliyemfungulia tovuti. Aliyetafuta mtandaoni kiatu cha mguu mfupi alimkuta fundi juu kabisa, wa kwanza. Watu walituma vipimo, viatu vikaenda kwa kifurushi. Kibao cha mlangoni alikiondoa, maana wapita njia walimletea zipu za mikoba. Kliniki ya mifupa, alikokuwa akishinda kila Jumanne akiwapima wagonjwa miguu, akaacha kwenda.

Kisha mtambo wa kutafutia mtandaoni ukabadili namna yake ya kupanga majibu. Haukumwambia mtu. Maduka makubwa yakajaa juu, naye akaangukia ukurasa wa nne.

"Ukurasa wa nne anafika nani?" shemeji aliuliza.

"Aliyepotea njia."

Walicheka kidogo, kicheko kikazimika kama kiberiti kilicholoa.

"Waandikie wateja wa zamani, shemeji. Waambie bado upo."

Fundi alitazama rafu. Kalibu za mbao, mifano ya miguu ya wateja, zilipangwa hadi darini, kila jozi na namba yake. Alishusha moja, akapitisha kidole gumba kwenye unyayo. "Huyu anakanyagia ubavu wa nje. Amepata nafuu sasa, lakini akichoka anarudia."

"Anaitwa nani?"

"Sabini na tatu."

"Na simu yake?"

"Si uliniuliza kama tuzihifadhi zile fomu za wateja? Nikakwambia futa, zinajaza nafasi."

Shemeji alifunga kompyuta taratibu. "Yaani watu zaidi ya mia mbili wanatembea na viatu vyako, na humjui hata mmoja."

"Naijua miguu yao."

Fundi alingoja uchungu uje. Haukuja. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: unaugusa, lakini si wako. Akanawa mikono, akachukua futi ya kamba, penseli na karatasi chache, akatoka bila kuaga.

Kule kliniki ya mifupa, muuguzi wa mapokezi alikuwa mgeni kwake.

"Namba yako?"

"Sina. Mimi ni fundi viatu."

"Hapa hatushoni viatu, baba."

"Najua. Naomba kukaa tu."

Muuguzi alimwonyesha benchi kwa ncha ya kalamu.

Pembeni yake alikuwepo mwanamke wa makamo. Chini ya ndala yake ya kushoto zilikuwa zimegundishwa ndala nyingine mbili, zikafungwa kwa waya.

"Nani amekufanyia hiyo?" fundi aliuliza.

"Mume wangu. Kuna ubaya?"

"Amejitahidi. Ila nyonga inakuuma."

Mwanamke aligeuka. "Umejuaje?"

"Ulivyokaa. Hukuwahi kutafuta mtandaoni?"

"Nilitafuta. Nikaletewa viatu vya kukimbilia." Alitabasamu nusu. "Mimi, nikimbie!"

Fundi alipiga magoti, akatandika karatasi sakafuni ili auchore mguu wake. Maneno aliyokuwa akiyasema zamani kila Jumanne hayakumjia, hata moja. Akabaki ameshika penseli.

Mwanamke alirudisha mguu chini ya benchi. "Mbele za watu wote hawa?"

Fundi aliinuka, akaketi tena karibu naye, akafungua kamba za kiatu chake mwenyewe. Akavua kiatu, akavua na soksi, akauweka mguu wake mtupu juu ya karatasi. Ulikuwa mguu wa kawaida tu, umepauka kwa kukosa mafuta, kucha moja imevunjika.

Muuguzi aliita namba thelathini na moja.

Mwanamke alitazama kikaratasi chenye namba hiyo mkononi mwake, kisha ule mguu. Aliinama, akaanza kuulegeza waya wa ndala zake.

Muuguzi akaita tena.