Maji Katika Debe la Mfaume

Mume wangu Mfaume hakuwa mwizi. Nalisema hili mapema, maana nikishaanza kumsema siachi, na mtu akinikuta katikati ya maneno atadhani namchukia. Simchukii hata kidogo. Ila alikuwa mfanyabiashara, tena mbishi, na mambo hayo mawili yakikaa katika kichwa kimoja basi tabu yote ni ya mke.

Yeye ndiye aliyetuletea mafuta ya taa hapa Kibiti. Kabla yake tulikuwa tunawasha mafuta ya mbarika. Unatwanga mwenyewe, unachemsha mwenyewe, na kwa mwanga wake ukitaka kukiona kidole chako sharti ukumbuke umekiweka wapi. Mfaume alikwenda Nyamisati kuuza mchele, akayaona madebe kwa Mhindi mmoja anayenunua boriti za mikoko, akarudi kachanganyikiwa. Wiki nzima chakula hakishuki, ni habari za mwanga mweupe tu. Mwisho akauza minazi aliyoachiwa na baba yake, akanunua madebe. Nililia, naye akaniambia nalia kwa sababu sijaona mwanga.

Watu wa Kibiti hawakuyataka mafuta. Walilitaka debe. Kila anayekuja analigonga kwa kidole, analisikiliza, kisha anasema, "Hili la kuchotea maji litafaa. Hayo ya ndani huwezi kuyamwaga?" Wengine walisema harufu yake inafukuza malaika nyumbani. Mfaume akaupa msikiti taa moja bure, na mafuta yake bure, ili waumini wazoee. Walizoea, lakini ilichukua muda, na muda wote huo tulikuwa tunakula mihogo.

Kisha wanawake wakaonja kulala bila kutwanga mbarika, biashara ikafunguka. Hapo ndipo tulipoijua tabu yenyewe, nayo ilikuwa njia. Madebe yalibebwa kutoka Nyamisati na Mshamu, mtoto wa shangazi yake Mfaume, moja mbele moja nyuma kwenye mti wa mabegani. Mshamu alikuwa mtu mwema wa kuchosha. Akiokota kisu njiani hatulii mpaka kijiji cha tatu wamesikia na mwenye kisu kapatikana. Basi madebe yale yalikuwa yanavuja kwenye viungo, nta ukibandika jua linaiyeyusha, mafuta yanamchuruzika mgongoni na harufu inamkausha koo. Ndiyo maana Mshamu hakuachana na kibuyu chake cha maji. Alilala nacho ubavuni kama mke, na sisi tulikuwa tunamuuliza lini watoto.

Debe lililoondoka Nyamisati limejaa lilifika kwetu limepungua, na Mhindi hataki kusikia. Mfaume akasema ni haki yake kurudisha kilichopotea njiani. Kilichopotea kilikuwa mafuta. Alichorudisha alikichota kisimani. Alikuwa akisubiri Mshamu aende zake, maana Mshamu angeona angesema, si kwa ubaya, bali kwa sababu ndivyo alivyoumbwa.

Mimi nilijua, na wanawake wote walijua. Maji hukaa chini na mafuta hukaa juu, kwa hiyo debe likifunguliwa asubuhi ile utawaona wamejaa mlangoni na vyombo vyao, kila mmoja ana haraka. Likifika nusu wanapungua. Likikaribia chini, kila mmoja ana mgonjwa nyumbani. Anayenunua siku hizo taa yake inatema mate, inalia cha, cha, inazima. Akija kulalamika, Mfaume hamkawizi. Anamwambia utambi wake mchafu.

Sasa alimwambia hivyo Mwanaamina, na hapo alikosea mtu. Mwanaamina alikuwa binti wa mjomba wake, mtani wake tangu utotoni, mwanamke wa sauti pana na kumbukumbu ndefu. Taa yake ilizima siku ya kumtoa mwali wake ndani, ukumbi umejaa wageni kutoka Chumbi, mwali kaachwa gizani na manjano yake. Alikuja Ijumaa watu wakitoka msikitini. Mfaume akasimama mbele yao wote, akainua mkono, akala kiapo kwamba mafuta yake hayajapata kuonana na maji, na kwamba utambi wa Mwanaamina ndio mchafu, na ikiwezekana na nyumba. Mwanaamina hakugombana. Alisema tu iko siku Mfaume atalisema mwenyewe kwa mdomo wake, naye Mwanaamina atakuwa kakaa kitako anasikiliza.

Mwaka ule ndio vita vikaingia. Watu wa milimani wameshika dawa, wanapakwa maji ili risasi zisiwapate, na waganga wake wanapita vijiji usiku na mchana. Serikali ya Mdachi nayo ikajaza askari njiani, wanamtafuta kila anayegawa maji. Mashua hazikuja tena Nyamisati. Wateja wetu nusu wamehamia mashambani, na aliyebaki haoni haja ya kuwasha taa ili aonekane vizuri. Tulikuwa na debe moja tu, nalo limekwisha karibu lote.

Mtu mwingine angelifunika akakaa ndani. Mfaume akapata akili mpya. Alikuwa amesikia kwamba mafuta ya taa yanaua funza, na funza miaka ile walikuwa wametumaliza miguu. Akalibeba debe mpaka njia panda ya kwenda mtoni, akajifunga kibatari kiunoni kama alama ya biashara, akaanza kuita watu. Wa kwanza ni bure, ndivyo alivyosema, ili waone faida. Wakapanga mstari na miguu yao. Naye anachovya kishungi cha majani kwenye debe, anawapaka mguu mmoja mmoja, na ananena, kwa sababu Mfaume hakuweza kuuza bila kunena.

Nadhani mmeshaona alivyoonekana kwa mbali. Askari wakatokea kwenye mihogo, watu wakakimbia na miguu yao mibichi. Mfaume hakukimbia. Alinieleza baadaye kwamba asingeweza kuliacha debe.

Nilipofika barazani kwa jumbe Mwinyimvua, mkuu wa mji wetu, mume wangu alikuwa amefungwa kwenye nguzo na mji mzima umekusanyika. Mkubwa wa askari, ombasha mmoja mrefu mwenye macho yaliyochoka, alikuwa ameketi kwenye kiti cha jumbe. Alisema amemkamata mganga wa maji na anampeleka bomani. Wiki ile walikuwa wamepelekwa watu wengi bomani, na wote tulijua kamba zao zilifungwa wapi. Hakurudi hata mmoja.

Mfaume ndiye aliyejitolea ushahidi mwenyewe. Akasema yeye ni muuza mafuta, anajulikana, na kama hawaamini wachote kwenye debe watie kwenye kibatari chake wawashe, wataona mwanga ambao hawajauona tangu wazaliwe.  Ombasha akaagiza utambi mpya. Wakachota chini kabisa, maana hapakuwa na juu tena. Wakawasha.

Cha, cha, cha. Ikazima. Wakawasha tena, ikazima tena, na safari ya tatu haikujisumbua hata kulia.

 Ombasha akakiweka kibatari chini taratibu, akauliza kama haya ni mafuta, mbona hayawaki, na kama si mafuta, ni kitu gani basi anachowapaka watu.  Mfaume akawaangalia watu waliojaa pale, walewale aliowaapia Ijumaa, akanyoosha shingo, akasema kwamba mafuta yake hayajapata kuonana na maji. Wallahi nilitamani kumpiga mimi kabla ya askari.

Askari wakaanza kumfungua nguzoni ili wamfunge kamba ya safari.  Nilimwendea, nikamshika shati.

"Baba Tabu," nikamwambia, "watoto wako hawatakula kiapo chako. Sema."

 Ndipo Mwanaamina akatoka katikati ya wanawake, akaketi kitako kwenye ngazi ya baraza, akaweka tambuu mdomoni kama mtu aliyealikwa arusini.

"Bwana mkubwa," akamwambia ombasha, "mimi kilichomo humo nakijua, na hawa wote wanakijua. Lakini huyu ni mtani wangu, na aliniambia utambi wangu mchafu. Aanze yeye."

Nilimwangalia nione kama anatania. Alikuwa anatania, lakini tambuu ile hakuitafuna.

"Nilitia maji," akasema Mfaume.

"Sijasikia."

"Nilitia maji. Ya kisima. Kila debe."

"Na utambi wangu?"

Mfaume alifumba macho. Nadhani hili lilimuuma kuliko lile la kwanza. "Utambi wako," akasema, "ulikuwa msafi."

Jamani, sijapata kusikia makelele kama yale. Wanawake wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja alikuwa amechelewa kula daku kwa ajili ya mafuta yale, mwingine amemkanyaga mkwewe gizani, wa tatu kakimbia kwao kuleta taa yake aionyeshe. Jumbe Mwinyimvua naye, ambaye ilikuwa baraza yake na alipaswa kunyamaza, akakumbuka kwamba ya kwake inazima kila siku wakati wa kula. Walimpaka mume wangu matope mpaka hakubaki mahali pasafi, nami nilisimama pale namshukuru Mungu kwa kila tusi.

Ombasha alisikiliza mpaka akachoka. Kisha akacheka, kicheko kifupi, akasema muasi chake ni kamba na mfanyabiashara mdanganyifu chake ni hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Wakamlaza Mfaume palepale, kiboko kikaletwa. Mwanaamina akasema atahesabu yeye, kwa kuwa ndiye mwenye deni. Alianza kwa sauti kubwa. Alipofika kama kumi sauti ikakatika, akajifunika kanga usoni, na zilizobaki walihesabu askari.

Jioni Mwanaamina alikuja na kibakuli cha mafuta ya mbarika kumpaka mgongo. "Haya hayana maji," akasema. Mfaume alikuwa amelala kifudifudi, hakuweza kugeuka kumjibu, na Mwanaamina aliitumia nafasi hiyo vizuri sana. Siku zile mji ulicheka. Watoto walikuwa wanapita dirishani wanalia cha, cha, cha, wanakimbia. Mimi nilicheka pia. Mume wangu alikuwa mzima, kwa nini nisicheke?

Kisha wakamkamata Mshamu.

Alikuwa anatoka Nyamisati, alikokwenda kutuulizia kama mashua zimerudi, na kibuyu chake ubavuni. Walikuwa askari wengine, si wa yule ombasha. Walimleta baraza ileile, na mji ukakusanyika tena, tukakimbia wote isipokuwa Mfaume ambaye bado hakuweza kusimama. Tulimsemea Mshamu. Jumbe alisema huyu haibi. Mwanaamina alisema huyu hasemi uongo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema huyu hakosi sala. Kila aliyeulizwa alisema mema, kwa sababu hatukuwa na kingine. Askari wakasikiliza, wakasema waganga wote husifiwa hivyo na watu wao. Wakamuuliza mwenyewe kibuyuni mna nini. Naye, kwa kuwa ni Mshamu, akasema kweli.

"Maji," akasema.

Maiti hatukupewa. Tulikaa matanga na shuka lake limekunjwa juu ya mkeka. Siku ya tatu, kama desturi yetu ilivyo, watani wake wakaja kumtania marehemu ili wafiwa wacheke kidogo. Walikosa kosa lake la kumtania. Mmoja alijaribu habari ya kile kisu alichokiokota, akaishia kulia.

Mfaume alikuwa amekuja kwa kushikiliwa. Naye alikuwa mtani wa Mshamu, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi. Akanyanyuka, mgongo bado umefungwa vitambaa, akasogea mpaka kwenye lile shuka.

"Mnamsifu bure huyu," akasema. "Maji yale alitia yeye. Mimi nilimfichia tu kwa kuwa ni ndugu yangu."

Watu wakacheka, hata mama yake Mshamu alicheka, kwa sababu hakuna aliyeamini. Mwanaamina akacheka mpaka akakohoa. Lakini Mfaume hakurudi kukaa. Alisimama anatuangalia, mmoja mmoja, kama siku ile barazani, na uso wake haukuwa wa mtani tena.

"Alitia yeye," akasema. "Kila debe. Si mngewaambia askari hivyo, wakamchapa kama mimi?"

 Nilimshika mkono nikamketisha, naye akalivuta lile shuka mapajani, akawa analinusa, maana lilikuwa bado linanuka mafuta ya taa.