Bunju wa Nchi Kavu

Walisema fedha haidanganywi. Neno hilo nililisikia harusini Kikwajuni, tumekaa uani tunamenya vitunguu, na mwanamke mmoja wa Bububu akasema ukipika uyoga tumbukiza pete ya fedha sufuriani. Ikigeuka nyeusi, mwaga. Ikibaki nyeupe, kula na wanao. Hakuna aliyemuuliza kalipata wapi. Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini nilirudi nalo nyumbani, na kila nikiiona pete yangu kidoleni nalikumbuka. Mie ni mtu wa hofu kwa maumbile. Mtoto akikohoa tu, nshatafuta buibui langu. Na mtu wa hofu akiambiwa kipo kitu kidogo kinachojua lipi salama na lipi si salama, hulipenda neno lile hata kabla ya kuliamini.

Tulikuwa tunakaa Mkunazini, ghorofa ya juu, mimi na binti yangu Wanu, aliyekuwa darasa la pili. Baba yake yumo melini. Mimi nashona kofia. Chini yetu alikaa Bi Mwanakheir, mpika vitumbua. Mama yake alikuja kutoka Manyema, yeye mwenyewe kazaliwa Ng'ambo, lakini alipokuwa kigoli alipelekwa bara kwa wajomba zake akakaa mpaka akajua vya kwao. Harusini Kikwajuni alikuwapo, na la pete alilisikia kama mimi.

Ilikuwa masika ya mwaka hamsini na nne. Ijumaa asubuhi, chuo kimefungwa, Wanu akarudi kutoka Mnazi Mmoja ushungi kaukunja kama mfuko.

"Wanu."

"Naam, mama."

"Umebeba nini humo?"

"Miavuli."

Ulikuwa uyoga, mkubwa, kila kofia kama kisahani, mweupe na magamba ya kahawia juu. Nilitaka autupe, lakini Bi Mwanakheir alikuwa ngazini na bakuli lake la unga.

"Shikamoo, bibi," Wanu akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Lete niwaone hao wageni." Akauchukua mmoja, akaunusa, akafumba macho. "Huu nimeula kwa mjomba wangu. Miaka mingapi sijauona."

"Una hakika, Bi Mwanakheir?" nikamuuliza.

"Mama Wanu, wewe ukimwona kuku humwuliza kama ana hakika yeye ni kuku?"

"Huko kwa wajomba ulikuwa unaota wapi?"

"Kwenye vichuguu. Wenye shamba ni mchwa. Wanaingiza majani makavu chini, wanayatafuna, wanapanda uyoga wao humo. Wao wanakula, na ukichomoza juu wewe nawe unakula."

Wanu alikaa kitako hapo hapo kwenye ngazi. "Mchwa wanalima?"

"Kuliko babako."

"Lakini, bibi, pale hapakuwa na kichuguu. Ni majani tu, pale wanapocheza kriketi."

"Pengine kichuguu kiko chini."

Neno la mtoto lilinichoma. Bi Mwanakheir yeye alikuwa kesharudi ujanani kwake, anaulizia nazi. Aliupika kwa tui na pilipili mbichi, na mimi nikashuka kuangalia. Alivua pete yake ya fedha, akaiosha, akaitumbukiza. Mchuzi ukatokota. Alipoichota kwa upawa ilikuwa nyeupe pe, inang'ara kuliko ilivyoingia.

"Haya, sema tena," akaniambia.

"Sisemi. Ila Wanu hali mpaka nikuone wewe kesho u mzima."

"Mie ndiye paka wako wa kuonja?"

Tukacheka. Nilipanda juu kushona. Wanu alikuwa kabakisha uyoga mmoja, kaukata mguu, na kofia yake kaiweka juu ya kazi yangu, juu ya kitambaa cheupe nilichokwisha kukikata duara kwa ajili ya juu ya kofia. Alikuwa anazitazama mbavu zake za chini, nyembamba, zimepangana kama kurasa. Nikamwambia utanichafulia kazi. Akasema, "Naam," akaulaza kifudifudi pale pale, akashuka kurudisha bakuli la Bi Mwanakheir. Bakuli lile lilimchukua muda mrefu.

Baada ya Sala ya Ijumaa nilimkuta Wanu ameshika ukuta. Uso umekuwa wa majivu. Akatapika, akatapika tena, na tumbo likamwendesha. Kutoka chini nikasikia sauti ya Bi Mwanakheir ikiniita, nyembamba kama ya mtoto.

"Umekula?" nikamuuliza mwanangu.

"Kidogo, mama. Bibi alisema pete nyeupe."

Nikatafuta buibui langu juu ya meza ya kazi, mkono ukausukuma uyoga uliosahauliwa. Chini yake, juu ya kitambaa changu, palikuwa na picha. Duara kamili, na mistari mingi myembamba inatoka katikati kwenda ukingoni, kama jua analochora mtoto. Rangi yake ilikuwa kijani cha unga wa hina. Hakuna mkono uliochora. Nikasema moyoni hiki ni kitu cha watu, ni uchawi. Lakini nilikikunja kile kitambaa kwa ndani, nikauchukua na uyoga, maana sikuwa na jengine la kuchukua. Vijana wa mtaani wakamweka Bi Mwanakheir kwenye gari la hamali, Wanu nikambeba mgongoni.

Hospitali tulipokewa na Daktari Shamsi, mtu wa maneno machache. Akamtundikia kila mmoja chupa ya maji. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Walianza kutapika baada ya muda gani?"

"Walikula adhuhuri. Alasiri haijaingia wakawa hivi."

"Uyoga umebakia?"

Nikampa. Nilipokikunjua kitambaa niliona haya, kama naonesha hirizi. Yeye akakipeleka dirishani.

"Nani alifanya hivi?"

"Hakuna, daktari. Umejichora wenyewe."

Akakigeuza mwangani. Halafu akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanizuia usingizi. Alisema uyoga unaoua mara nyingi huanza kimya. Mtu hula, hulala vizuri, siku ya pili hutapika, kisha hupata nafuu, jamaa wakashukuru, na kumbe ini linakwisha. Ule wenye tabia hiyo aliosoma habari zake hudondosha vumbi jeupe. Wenye vumbi la kijani kama hili, tena ukawahi kushika, yeye aujua mmoja, nao huadhibu tumbo vibaya sana, lakini wengi hupona.

"Wengi," nikasema.

"Wengi. Sitakwambia zaidi ya hapo mpaka asubuhi. Lakini kitambaa chako kimenipa moyo."

Sitaeleza ule usiku.

Asubuhi Wanu alifumbua macho, akaomba uji, na kabla uji haujafika akamuuliza daktari lile vumbi ni nini. Daktari akavuta kiti. Akamwambia ni mbegu zake, laini kuliko unga, huchukuliwa na upepo. Kile ulichokichuma ni tunda tu, kama embe. Mti wenyewe uko ardhini, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko za mama yako, unakula mizizi na majani yaliyokufa mpaka yawe udongo tena.

"Na uyoga usingeyala?"

"Majani ya mikarafuu ya Kidichi yangelirundikana tangu enzi za babu zako. Usingeiona nyumba."

Akasema hamira ya mkate wa kumimina ni ya ukoo huo huo, na ukungu unaoota juu ya mkate uliolala pia.

"Ukungu wa asubuhi nao?" Wanu akauliza.

"Huo jina tu. Vitu viwili, jina moja."

Kitanda cha pili Bi Mwanakheir alicheka taratibu, tumbo linamuuma. "Basi jina ndilo lililonila. Kwa wajomba zangu kila uyoga una jina lake. Nimekuja huku mjini wote unaitwa uyoga. Jina limenidanganya kabla ya pete."

Nililiwaza sana hilo. Sisi hapa samaki twawajua, changu, kolekole, chewa, na bunju mwenye sumu twamjua. Bunju hatiliwi pete kwenye mchuzi, wala hajaribiwi kwa chochote. Unamjua kwa jina lake na sura yake, na unamtupa. Lakini kinachoota baada ya mvua tumekipa jina moja, kisha tukaiachia fedha itusemee.

"Basi huu ni bunju wa nchi kavu," Wanu akasema.

Walipopata nguvu tulikwenda sote watatu Mnazi Mmoja. Uyoga ulikuwa umechomoza mwengine, umejipanga duara kubwa majanini. Bi Mwanakheir akaung'oa mmoja kwa kijiti, akautazama chini. Wa wajomba zake, alisema, una mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwa mchwa. Huu uliishia kwa kifundo. Na shingoni ulikuwa na pete yake wenyewe, ya ngozi nyeupe. Ukiisukuma kwa kidole inapanda na kushuka.

"Kumbe naye kavaa," akasema. Akapangusa mikono, hakuuchukua.

Kitambaa nimekitunza, kofia ile sikuishona. Kina mama wenzangu, nawaombeni mjiepushe na haya:

Msiule uyoga kwa kuwa unafanana na wa kwenu.

Msiamini pete ya fedha, wala kitunguu thomu, wala wali kubadilika rangi.

Msiseme konokono kaula, nami naula.

Msidhani moto huondoa kila sumu.

Msijaribu kujua wa kula kwa rangi ya vumbi. Kitambaa kilimsaidia daktari, si mpishi.

Msimwache mtoto ashuke na bakuli kwa jirani anayepika uyoga.

Msiutupe uliobaki mtu akiumwa. Nendeni nao hospitali.

Msirudi nyumbani kwa kuwa mgonjwa kapata nafuu.

Na msiupige mateke ulioota majanini. Uacheni ufanye kazi yake.