Alphonsine na Ukumbi wa Mudzipela

Watu wa Bunia walimjua Alphonsine kama mke wa Isidore, ingawa hawakuoana. Walikuwa mume na mke jukwaani tu, Jumapili mchana, katika ukumbi wa parokia ya Mudzipela. Alphonsine akimgombeza Isidore, akina mama wa sokoni waliokaa mbele walimsaidia: "Mwambie! Mwambie tena!" Naye aliwageukia, akawajibu, na mchezo ukapata maneno ambayo Isidore hakuyaandika.

Kisha wakaja watengenezaji wa filamu kutoka Kampala, wakitafuta mwanamke wa kucheza mjane. Wakamchagua yeye.

Huko Kampala alijifunza kazi upya. "Sauti chini, mama," mwongozaji alimwambia. "Kamera iko karibu." Siku ya kulia kaburini alilia vizuri, kisha akatulia kidogo, kama alivyozoea, apate kusikia watu wakipumua. Palikuwa kimya. Mtu mmoja alisogeza taa. Wakamwomba alie tena.

Filamu ilipendwa. Ikaja ya pili, kisha ya tatu. Jioni, katika chumba cha kupanga, alimpigia Isidore simu: "Leo mulicheza? Bamama balisema nini?" Isidore alimsimulia, naye akacheka peke yake, simu ikibaki sikioni hata ilipokwisha kukatika.

Mwaka huu alirudi bila kumwambia mtu. Akakaa nyuma kabisa ukumbini, kitambaa kichwani. Nafasi yake ilichezwa na Priscille, msichana kutoka mji mdogo wa Iga Barrière. Mahali ambapo Alphonsine angepiga kelele, Priscille alinyamaza, akamtazama tu mume wake. Ukumbi mzima ukainama mbele. Hilo lilimuuma Alphonsine, kwa sababu lilikuwa zuri.

Baada ya mchezo Isidore alimwona, akamshika mikono yote miwili.

"Weye! Ulifika lini?"

"Leo. Isidore, nataka kupanda tena pale juu."

Isidore akatazama chini. "Ile nafasi iko ya Priscille sasa, dada. Siwezi kumunyang'anya."

"Siombi ile. Hakuna ingine?"

"Kuko jirani tu, ule anapita na ndoo. Iko na maneno kidogo sana."

"Nipe."

Alipiga simu Kampala, akawaomba watu wa filamu wamngoje kidogo. Walinung'unika, wakakubali. Jumapili aliingia na ndoo ya maji kichwani, akamsalimia Priscille, akapita. Nyuma ya pazia hakuitua ndoo. Alisimama pale, maji yakimdondokea begani, akisikiliza mchezo ukiendelea bila yeye mpaka mwisho.

Kesho yake Isidore alimpeleka uwanja wa ndege kwa pikipiki, arudi Kampala.